Bakuli Moja la Povu

"Hii ni yako," Kipingu alisema, akaitua ndoo kwenye kizingiti cha saluni kwa kishindo kilichowaambia wote waliokuwa ndani kwamba hakuja kunyolewa.

Eliwaza hakugeuka. Alikuwa na wembe kwenye koromeo la mteja, na mteja mwenyewe alikuwa mtu wa kutikisa kichwa kila anaposikia neno tamu.

"Yangu kivipi? Ina jina langu?"

"Haihitaji jina. Jengo zima hili, nani mwingine anapika sabuni ya shahamu ya ng'ombe? Nimeikwangua asubuhi hii kwenye chujio la Bibi, kwa mikono yangu hii. Njoo uione. Njoo unuse."

"Harufu yake naijua. Nimeipika mimi."

"Basi ichukue ukaile."

Benchi zima likacheka. Saluni ya Eliwaza ilikuwa chini kabisa ya Jengo la Alizeti, mkabala na ngazi, na benchi lake halikuwahi kuwa tupu, ingawa nusu ya waliolikalia hawakuwa na hata unywele wa kunyoa. Walikuja kusikia nani kamnunia nani, nani kaolewa bila kumwambia mamake, na nani anajifanya anafunga huku harufu ya chapati inatoka dirishani kwake. Leo mtunza tangi mwenyewe alikuwa amekuja na ndoo. Hapo hata ungewaambia nyumba zao zinaungua wangekujibu subiri kwanza.

Ndani ya ndoo kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kama mtindi uliosahaulika kabatini.

"Mzee Kipingu," Eliwaza alisema, akipangusa wembe kwenye kitambaa cha begani, "habari hii tumeshaiongea mpaka ulimi umeota sugu. Maji yetu yana chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa inaganda. Hata nikipika sabuni ya malaika itaganda. Ukitaka isigande, mtoe Bibi kwenye mawe yake ya chokaa."

"Nimtoe afe?"

"Basi kwangua."

Hapo ndipo walipokwama siku zote, na wote wawili walijua. Kila jengo mjini Shinyanga lilipewa maji yake mara moja tu, siku milango yake ilipofunguliwa, likaambiwa: hayo ndiyo yenu, hakuna mengine. Maji yaliyomwogesha bibi harusi wa ghorofa ya tano ndiyo yaliyopikia maharage ghorofa ya pili wiki iliyofuata, na hakuna aliyependa kuliwaza hilo akiwa na kikombe mkononi. Kazi ya kuyasafisha ilikuwa ya Bibi. Bibi hakuwa mtu. Alikuwa zulia la vijidudu hai, jekundu kama ini, lililotanda juu ya mawe ya chokaa ndani ya tangi chini ya jengo. Alikula uchafu wa watu, akaachia maji safi. Watu wa maabara walimleta akiwa wa kujaa kwenye sufuria, akakua kwa kile alichopewa, na ndiyo maana hapakuwa na Bibi wawili waliofanana. Wa Alizeti alilelewa kwa shahamu ya ng'ombe, kwa kuwa tangu siku ya kwanza kinyozi wa jengo alikuwa Eliwaza na sabuni ya jengo ilikuwa yake.

Akilishwa asichokizoea, Bibi aliugua. Taa iliyopita kama mkanda kwenye kuta za kila ukumbi, ya kijani siku zote, iligeuka njano. Nyekundu watu wa Alizeti hawakuwahi kuiona kwao. Iliwaka Jengo la Mtama, Bibi wao alipokufa, na sasa Mtama walikaa popo tu, wenyewe wametawanywa mjini, mume huku, mama mkwe kule, popote palipopatikana kitanda.

"Kuna unga wa povu," Kipingu alisema, akiinua kidole. "Wa kiwandani. Haugandi kwenye chokaa hata kidogo. Wenzetu majengo mengine wanajinyolea, wanajiogea, na mtunza tangi wao anakaa kwenye kiti anakunywa kahawa."

"Bibi wao walilelewa nao. Huyu wetu hajui hata unaliwa upande gani. Utamlisha huo, ataupiga povu mpaka likutokee kwenye sinki la jikoni."

"Unatetea biashara yako wewe mwanamke."

Sasa Eliwaza aligeuka. Hakuna kitu kilichomchosha maishani kama kusema ukweli unaomfaidi. Ungekuwa ukweli wa kumtia hasara, wangemwamini saa ile ile.

"Natetea biashara yangu, ndiyo," alisema. "Na Bibi ataugua, ndiyo. Yote mawili kwa mpigo. Kichwa chako hakina nafasi ya mambo mawili?"

Benchi lilikuwa linangoja jibu la Kipingu, lakini halikulipata, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameiruka ndoo na kuingia.

Alikuwa Kalunde, dada mkubwa wa marehemu Lubango wa ghorofa ya tatu. Alifika kutoka Kahama siku ya mazishi akiwa na begi dogo. Tangu hapo begi lilikuwa limeongezeka yakawa mabegi, na jirani mmoja alimwona akipima madirisha ya marehemu kwa kamba.

"Kinyozi, habari za kazi. Kesho asubuhi tunamaliza msiba wa kaka yangu. Ukoo mzima utanyolewa hapa kwako."

"Poleni, dada Kalunde. Karibuni sana."

"Bakuli moja, kama desturi yetu. Anaanza mjane. Na iwe sabuni ile ile aliyokuwa ananyolewa kaka yangu. Tusiletewe mengine."

Aliondoka bila kuangalia nyuma. Watu wa benchi wakaanza kukagua kucha zao. Desturi hiyo waliijua, Lubango alikuwa amewasimulia mara nyingi. Kwenye ukoo wake, msiba ukiisha, wafiwa wote hupakwa povu kutoka bakuli moja, mjane akiwa wa kwanza, kisha wanamwagiwa maji kichwani na kuambiwa waende wakaishi. Asiyepakwa povu la bakuli lile amejitoa mwenyewe kwenye ukoo, na nyumba ya marehemu haimhusu tena.

Walijua pia ngozi ya Nyanzala, mjane. Kabla ya kuolewa alisugua vioo vya umeme wa jua kwa kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, miaka na miaka, bila glovu zenye maana. Tangu siku hizo sabuni yoyote ikimgusa, ngozi inapasuka kama ardhi ya kiangazi. Juu ya rafu ya Eliwaza kulikuwa na kopo la unga wa povu kwa ajili ya kichwa kimoja tu, cha Nyanzala. Kichwa kimoja Bibi alikuwa anakivumilia.

"Yule Kalunde anajua," mteja wa kwenye kiti alisema, povu limemfika midomoni. "Anajua kabisa."

"Nyamaza nisikukate," Eliwaza alimwambia.

*

Mlango wa Nyanzala ulikuwa wazi kama milango yote ya msiba, na ndani mlikuwa na wageni waliolala chali, waliokula, na waliobishana juu ya nani ale tena. Nyanzala mwenyewe alikuwa chumbani, kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Nimeshasikia," alisema kabla Eliwaza hajavua viatu. "Habari za saluni yako zinapanda ngazi haraka kuliko wewe. Nitapakwa sabuni. Usinitazame hivyo."

"Mara ya mwisho ulikaa na vigaga mwezi mzima. Na ilikuwa mikono tu. Hiki ni kichwa, mama, na ni kwa wembe. Wembe ukipita ngozi iko wazi, kostiki inaingia ndani."

"Sasa nifanyeje? Nikisema mnipake yangu pembeni, nimejitoa. Wifi anangoja hilo tu. Hapa ndipo nilipoishi na mume wangu, Eliwaza. Nikitoka hapa sina kwa kwenda. Kwetu wameshakufa wote."

Eliwaza akakaa. Nje mtu aliuliza kwa sauti kama kuna chumvi.

"Nina wazo," Nyanzala alisema kwa sauti ya chini. "Nipake kwanza ile yangu, kidogo, wasione. Halafu juu yake uweke la bakuli. Nani atajua?"

"Kalunde atajua. Povu la sabuni ni zito, linakaa kama siagi. La unga ni jepesi, linapumua, linashuka. Ataona kichwa kimoja kina mapovu ya aina mbili, na hapo utakuwa mjane na mdanganyifu kwa mpigo. Tena la bakuli litaizamisha ile yako, utaungua vile vile."

"Basi wote wapakwe unga."

"Ukoo mzima?"

Nyanzala alitazama mlango wa sebuleni. Aliujua ukoo wa mumewe ulivyo mkubwa. Ulikuwa sebuleni kwake, unakula.

*

Chini ya jengo palikuwa na joto, na pananukia mvua, harufu ambayo vijana wa Alizeti waliijua kwa kuishukia huko tu. Kipingu alikuwa amepiga magoti kando ya tangi, anamwangalia Bibi chini ya maji, jinsi zulia lake lilivyokuwa linapanda na kushuka taratibu, kama tumbo la mtu aliyelala.

Eliwaza alimweleza yote. Kisha akamuuliza: "Nikiwanyoa wote kwa unga wa povu?"

Kipingu alisimama haraka hadi magoti yakalia. "Una wazimu? Ukoo ule wote? Utamuua."

"Si ulisema umechoka na sabuni?"

"Nimechoka kuikwangua. Sijasema nataka kumzika Bibi."

"Asubuhi ulikuwa unaniambia wenzetu wanakunywa kahawa."

"Asubuhi nilikuwa na hasira. Mtu akiwa na hasira unamchukulia maneno yake yote?"

Eliwaza alifumba macho, akayafumbua. Yule mzee alikuwa bado yupo.

"Tumwage nje," Kipingu alisema. "Tuwanyoe, maji tuyakinge kwenye mabeseni, tukayamwage barabarani."

"Maji ya vichwa vyote hivyo? Tukishayamwaga nani ataturudishia?"

"Basi wapanguswe kwa vitambaa."

"Desturi yao ni kumwagiwa maji. Kwenye ukoo ule, aliyepanguswa hajamaliza msiba. Na vitambaa tutavifua wapi? Kwako?"

Kipingu alichezea funguo zake. Alikuwa na sura ya mtu mwenye jambo kooni.

"Yule Kalunde alinijia juzi," alisema hatimaye. "Aliuliza bomba la ghorofa ya tatu litabadilishwa kiganja lini."

Kwenye Jengo la Alizeti bomba la kila nyumba lilifunguka kwa kiganja cha mwenye nyumba, na mtunza tangi ndiye aliyekuwa na uwezo wa kukibadilisha. Anayefungua maji ndiye mwenye nyumba. Hakukuwa na hati nyingine.

"Na ulimjibu nini?"

"Nilimwambia marehemu hajapoa. Akasema atakuja tena baada ya kunyoa."

Eliwaza alipiga magoti, akachovya kidole kwenye maji ya tangi.

"Naweza kuchanganya," Eliwaza alisema. "Sabuni na unga, bakuli moja. Sabuni niipike kwa kostiki pungufu, shahamu nyingi ibaki bila kuguswa, imkinge ngozi. Unga uwe wa kiasi, wa kuzuia kuganda na kupunguza ukali. Nyanzala ataumia, lakini hatapasuka. Bibi ataugua, lakini..."

"Lakini?"

"Njano. Siku chache. Ikiwa watu hawatafua, hawataoga, wajifute tu, apate nafasi ya kuumeng'enya."

"Na akienda nyekundu?"

Angeweza kumpa jibu la kumtuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo ya povu, na Kipingu alikuwa anatafuta ruhusa ya kumwamini.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumlisha mchanganyiko huo. Nadhani hataenda. Ila sijui."

"Jengo zima, kwa kichwa cha mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Na ukiacha, tutakuwa tumemtoa mtu nyumbani kwake ili chujio langu lisinisumbue."

"Ndiyo hivyo pia."

"Unajua unavyonichosha wewe mwanamke?" Kipingu alisema. "Nilikuja na ndoo. Nilitaka uombe radhi, basi."

"Lazima waambiwe wote," Eliwaza alisema. "Maji ni yao. Silishi jengo zima dawa kwa siri."

*

Mkutano ulifanyika kwenye ngazi, kwa kuwa hakuna chumba kilichowatosha. Kila mtu alikaa kwenye kidato cha ghorofa yake, na Eliwaza alisimama chini akapaza sauti. Aliwaeleza sabuni ni nini: mafuta yaliyooanishwa na kostiki, yakawa kitu chenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kikashika uchafu huku na maji kule. Ila kichwa chake ni kidhaifu mbele ya chokaa, chokaa inakikamata na kukigandisha. Unga wa povu ni ndugu yake, amepelekwa kiwandani akabadilishwa kichwa, chokaa haimpati, na hana ukali wa kostiki. Ubaya wake ni kwamba Bibi wao naye hajui pa kumshikia.

"Kwa hiyo tusioge," alisema mama mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye kati ya maelezo yote alilisikia hilo tu.

"Mjifute. Siku chache."

"Mimi nina nguo za kwaya zimelowekwa."

"Zianike na povu lake, mama."

"Kwa nini wasikanyolewe Kahama?" aliuliza mtu kutoka juu kabisa.

"Kwa sababu marehemu alikuwa wa hapa. Aliishi hapa, amefia hapa."

"Huyo mjane avumilie tu. Wanawake wamevumilia makubwa kuliko sabuni."

"Njoo basi uvumilie wewe kwanza, nikupake kostiki nikunyoe, tuone utavumilia mpaka wapi."

Iliendelea hivyo. Mmoja alitaka kujua kama bia inayotengenezwa kwa maji ya njano inalevya zaidi. Mwingine alisema haya yote ni njama za Eliwaza kuuza sabuni mpya. Wawili walianza kugombana juu ya jambo la mwaka juzi. Eliwaza alihisi mshipa wa kichwa unampiga, akafikiria kurudi saluni na kufunga mlango, wanyoane wenyewe kwa visu vya jikoni.

Ndipo yule mama wa kwaya akauliza, kama jambo la kupita tu: "Sasa Nyanzala akiondoka, nani anahamia pale?"

Kipingu, aliyekuwa amekaa kando ya ngazi, alisema: "Kalunde. Ameshauliza habari za kiganja."

Ngazi nzima ikamgeukia.

"Huyu huyu?" mtu akauliza. "Aliyenifokea juzi kwa sababu mwanangu amepiga chafya?"

"Huyo."

"Aliyesema pilau ya msiba imepikwa na watu wasio na mikono?"

"Nani mwingine?"

Mama wa kwaya alikuwa ndiye mpishi. Alishuka vidato viwili. "Nguo zangu zitasubiri," alisema.

Si wote waliokubali. Wa juu kabisa alisema ataenda kukaa kwa shemeji yake mpaka taa irudi kijani, na kwamba ikienda nyekundu atamtafuta Eliwaza popote alipo. Eliwaza hakumlaumu. Alikuwa na haki, na hilo nalo lilikuwa linachosha.

"Mashine za kufulia nazizima mwenyewe," Kipingu alisema, akaondoka na funguo zake kabla watu hawajabadilisha nia.

*

Alipika mchana ule ule. Aliyeyusha shahamu, akaimiminia kostiki pungufu, akakoroga hadi ikawa nzito na ya kung'aa kama ndani ya chaza. Kisha akatia unga wa povu, kidogo kidogo, kila mara akichota na kulipiga povu kwa brashi kwenye maji ya jengo, akiangalia kama linaganda. Liliganda. Akaongeza. Likaganda kidogo. Akaongeza tena, mkono mzito, kwa kuwa kila kijiko kingeishia mdomoni mwa Bibi. Povu liliposimama bila chembe nyeupe, aliacha pale pale. Alijaribu kwenye mkono wake, kisha akapanda kwa Nyanzala akamjaribu nyuma ya sikio.

"Inawasha," Nyanzala alisema baada ya muda.

"Inapasua?"

"Hapana. Inawasha tu."

"Nikiongeza unga utapoa zaidi, na Bibi..."

"Usiongeze. Nimeshasema inawasha tu."

Asubuhi ukoo ulijaa saluni, ukajaa ukumbi, ukapanda ngazi. Eliwaza alimkalisha Nyanzala kwenye kiti, akalipiga povu mbele ya watu wote, akampaka. Alimnyoa polepole kuliko alivyowahi kumnyoa mtu, wembe ukilala, ngozi ikivutwa kwa vidole. Nywele zilianguka, nyingine nyeupe. Nyuma ya sikio la kulia, pale pale walipojaribu, ngozi ilitoa tone la damu. Nyanzala alishika mikono ya kiti hadi vifundo vikapauka. Eliwaza alimmwagia maji. Kichwa kilitoka chekundu, kizima.

Maji yalizunguka kwenye tundu la sakafu, yakashuka kwa Bibi.

"Anayefuata," Eliwaza alisema.

Kalunde alikuwa ameshasogea. Aliinama juu ya bakuli, akanusa, akaichovya ncha ya kidole, akasugua kwa kidole gumba.

"Hii si sabuni ya kaka yangu."

"Ni sabuni ya kaka yako, ndani yake kuna kitu kingine. Nimechanganya. Jengo zima limeambiwa."

"Nilisema tusiletewe mengine."

"Ulisema bakuli moja, dada Kalunde. Hili ndilo bakuli. Mjane ameshapakwa."

Nyuma yake wajomba, binamu na wapwa walikuwa wanangoja, wengine wameshavua kofia. Mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa amesimama kwa muda mrefu na miguu inamuuma, alisema: "Kalunde, kaa unyolewe au tupishe sisi. Usiponyolewa useme, tujue."

Kalunde alitazama bakuli, akawatazama ndugu zake. Eliwaza hakumhurumia, ingawa alijua huko mbeleni angetamani angalau angejaribu. Mwanamke yule alikuwa amezika mdogo wake wa pekee. Madirisha aliyapima kwa kamba, lakini machozi yake ya siku ya mazishi yalikuwa ya kweli, benchi zima liliyaona.

Akakaa.

*

Kufikia adhuhuri taa ilikuwa njano ukumbi hadi ukumbi. Kwenye sakafu ya chini povu lilikuwa limetoka kwenye matundu ya maji, jeupe, jepesi, limefika magotini, na mbwa wa mtu alikuwa anabwekea kilima chake. Kipingu alilifagia kuelekea pembeni huku akilitukana kwa majina yote aliyokuwa akimwita Eliwaza, na mengine mapya.

"Nilikwambia litatoka kwenye masinki," Eliwaza alisema.

"Usinianze."

"Bibi vipi?"

"Amejikunja. Pembeni pembeni amepauka. Katikati bado anapumua." Kipingu aliegemea fagio. "Hali anachopewa, lakini hajakitema. Kama mtoto mkaidi. Nitakaa naye."

Walipanda pamoja ghorofa ya tatu, kwa sababu mtu aliyefanya kazi msibani hutegemewa kupanda. Njiani kila mlango ulikuwa na mtu wa kulalamika. Mmoja alionyesha mikono yake yenye mafuta, mwingine alionyesha mtoto mwenye matope, mwingine hakuonyesha kitu, alisonya tu. Eliwaza aliwajibu wote neno moja, siku chache, siku chache, hadi likakosa maana mdomoni.

Ukumbini nje ya nyumba ya marehemu, Kalunde alikuwa amesimama na mabegi yake. Kichwa kipya chenye kung'aa alikuwa amekifunga khanga. Alikuwa anaitazama taa ya njano kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua.

"Mzee Kipingu," alisema, bila ukali wake wa kila siku. "Lile jambo la kiganja."

"Kiganja kilichopo sasa ni cha mjane," Kipingu alisema. "Kinafanya kazi vizuri. Sikioni kasoro."

Kalunde aliitikia kwa kichwa taratibu, akainama kuyashika mabegi. Ndani watu walikuwa wanacheka, vijiko vilikuwa vinagonga sahani, na mama wa kwaya alikuwa anamwambia mtu kwa sauti ya kusikika hadi ngazini kwamba hii pilau safari hii imepikwa na watu wenye mikono.

Mlango ukafunguka zaidi. Nyanzala alitoka, kichwa wazi, chekundu, kimepakwa mafuta, na kijipande cha pamba kimebandikwa nyuma ya sikio. Aliyatazama mabegi, akamtazama wifi yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kahama. Nipande basi mapema."

"Na njaa hiyo?"

Kalunde aliyainua mabegi. Nyanzala akamtoa begi moja mkononi, akaliweka ndani, upande wa kulia wa mlango, pale yanapowekwa mabegi ya wageni.

"Mzee Kipingu, Eliwaza, mpisheni wifi yangu apite," alisema. "Karibu ndani, wifi. Kwangu mtu haondoki bila kula."